Hita ya Maji Imegoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Simu nyingi ninazopokea huanza hivi: "Fundi, hita haichemshi, njoo na elementi mpya." Nikifika, mara nyingi nakuta elementi, ule mrija wa chuma unaochemsha maji, ni nzima. Kilichokufa ni thamostati, kile kifaa kinachokata umeme maji yakifika joto lililowekwa, au skrubu ya waya imelegea, au hakuna kilichokufa kabisa ila miksa ya bafuni inaingiza maji baridi kwenye ya moto. Nimeandika majibu haya ili ujue kinachoendelea ndani ya tangi kabla hujatoa pesa, na ujue pia ni wapi pa kuondoa mkono wako na kumwachia mwenye kazi yake. Mengi yanahusu hita ya umeme yenye tangi, kwa kuwa ndiyo ninayoitiwa zaidi. Shawa za umeme, hita za gesi na za jua nimezigusa huku chini.

Maji hayapati moto kabisa. Nianzie wapi?

Anzia kwenye umeme, si kwenye tangi. Angalia breka ya hita kwenye kisanduku cha umeme, kisha swichi ya ukutani. Kama breka imeshuka, irudishe mara moja tu. Ikishuka tena iache hapo hapo, usiilazimishe. Swali lake lipo mbele.

Kama umeme unafika lakini taa ya hita haiwaki, huenda kitufe cha usalama kimeruka. Ni kitufe kidogo, mara nyingi chekundu, kilicho kwenye thamostati nyuma ya kifuniko. Kazi yake ni kukata umeme maji yanapopita joto la kawaida. Zima breka, fungua kifuniko, kibonyeze mpaka usikie "tik", rudisha kifuniko, ndipo uwashe. Hita ikifufuka usishangilie mapema. Kitufe hicho hakiruki bila sababu: ama thamostati imegandia na haikati tena, ama elementi imevaa ukoko wa chokaa na inajichemsha yenyewe, ama waya umelegea na kupata moto karibu nacho. Kikiruka tena baada ya siku chache, tafuta chanzo. Kuna mtu nilimkuta anakibonyeza kila asubuhi kwa miezi kadhaa, na thamostati yake ilikuwa imeungua mpaka plastiki imebadilika rangi.

Taa inawaka, saa mbili zimepita, na maji bado ni ya baridi? Hapo ndipo elementi inaposhukiwa. Fundi azime umeme, afungue waya zake, aipime kwa mita. Kwenye umeme wa volti 230, elementi ya wati 1500 inasoma omu 35 hivi, ya wati 2000 inasoma 26, na ya wati 3000 karibu 18. Mita ikionyesha njia imekatika, elementi imekufa kweli. Ikisoma vizuri, mwambie arudi kwenye thamostati na waya. Kipimo hiki ni cha dakika mbili, na una haki ya kuiona namba kwa macho yako kabla hujakubali kununua chochote.

Inatakiwa ichukue muda gani? Yangu naona inachelewa.

Hapa hesabu inasaidia kuliko hisia. Tangi la lita 100 likitoka nyuzi 20 kwenda 60 linahitaji kama uniti 4.7 za umeme. Kwa elementi ya wati 2000 hiyo ni saa 2 na dakika 20. Lita 50 kwa wati 1500 ni saa moja na nusu. Lita 30 kwa wati hizo hizo, karibu saa moja. Kwa hiyo ukiwasha tangi la lita 100 na kuingia kuoga baada ya nusu saa, hita haina kosa lolote.

Kama yako inazidi sana muda huo, mtuhumiwa wa kwanza ninayemwangalia ni nguvu ya umeme wenyewe. Volti zikishuka, joto hushuka zaidi ya unavyodhani: elementi ya wati 2000 iliyoundwa kwa volti 230, ikipata volti 200, inatoa wati 1500 tu. Robo nzima imepotea, na hakuna kifaa cha kubadilisha. Mtuhumiwa wa pili ni elementi moja kufa kwenye tangi lenye elementi mbili. Watu wengi hutaja ukoko, lakini ukoko haucheleweshi maji kwa kiasi hicho, maana joto la elementi halina pa kwenda ila ndani ya maji. Dhambi ya ukoko ni nyingine: unaizuia elementi kupumua, inapata moto kupita kiasi, na inakufa kabla ya siku zake.

Maji yanatoka moto, lakini yanaisha haraka au yanakuwa vuguvugu tu.

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa sababu ndilo linalowapotezea watu pesa nyingi bila sababu.

Kabla hujafungua hita, fanya jaribio hili. Zima hita. Funga koki ya maji baridi yanayoingia kwenye tangi. Sasa fungua bomba la maji moto, la sinki au la bafuni, na usubiri. Maji yanatakiwa yapungue na kukatika baada ya muda mfupi, maana hakuna kinachoyasukuma. Yakiendelea kutiririka kwa nguvu, basi mahali fulani ndani ya nyumba maji baridi yanavuka na kuingia kwenye njia ya moto. Hita yako inachemsha vizuri kabisa, ila unachanganyiwa kabla maji hayajakufikia.

Niliitwa kwenye nyumba moja iliyokwisha kubadilishiwa elementi mara mbili na thamostati mara moja. Mama mwenye nyumba alikuwa ameziweka zile elementi kuukuu kwenye mfuko. Nilizipima moja moja na zote zilikuwa nzima. Nikafunga koki ya hita, nikafungua bomba la jikoni upande wa moto, maji yakaendelea kuja kama hakuna kilichofungwa. Tulizunguka chumba hadi chumba. Kwenye choo cha wageni kulikuwa na shawa ndogo ya mkono yenye kifyatulio, imening'inia ukutani. Mtu alikuwa anafunga maji kwa kuachia kifyatulio tu, huku koki zote mbili nyuma yake, ya moto na ya baridi, zikiwa wazi. Maji baridi yalikuwa yanapita hapo mchana kutwa kwenda upande wa moto. Nilifunga koki mbili, na kazi ikaisha hapo. Baadaye tuliweka valvu za kuzuia maji kurudi nyuma ili kosa hilo lisijirudie.

Kama jaribio halionyeshi mchanganyiko, kuna sababu tatu za ndani. Elementi ya chini imekufa na ya juu inafanya kazi peke yake, kwa hiyo unapata maji moto ya sehemu ya juu tu. Au mrija wa plastiki unaopeleka maji baridi chini ya tangi umevunjika, maji baridi yanamwagika juu na kuchanganyika na ya moto palepale. Au tope na ukoko vimejaa chini na kula nafasi ya maji. Na uliza pia swali dogo: kuna mtu amebadilisha kichwa cha shawa? Kinachotoa lita nyingi zaidi kwa dakika humaliza tangi lile lile mapema, na hakuna ubovu wowote hapo.

Breka inaruka kila nikiwasha hita.

Angalia inaruka lini, maana muda unaeleza mengi.

Ikiruka papo hapo, umeme unavuja au kuna shoti, na mara nyingi ni elementi. Elementi ni mrija wa chuma wenye waya mwembamba katikati, na kati yao umeshindiliwa unga mweupe unaozuia umeme usifike kwenye chuma. Mrija ukipasuka, hata ufa wa unywele, maji yanaingia kwenye unga na umeme unapata njia ya kutoka. Ikikaa dakika kumi au ishirini ndipo iruke, mara nyingi ufa huo unafunguka chuma kinapopata moto. Ikikaa muda mrefu ndipo iruke, gusa uso wa breka kwa nyuma ya kidole bila kuifungua: ikiwa ya moto sana, skrubu zake zimelegea au breka yenyewe imechoka.

Ombi langu moja ni kwamba usikubali mtu akuwekee breka kubwa zaidi "ili isisumbue". Breka ipo kulinda waya ulio ndani ya ukuta. Ukiikuza bila kukuza waya, siku ya shida utaungua waya, na waya umepita kwenye nyumba unayolala.

Nikigusa bomba nahisi kama napigwa shoti kidogo. Nifanye nini?

Toka kwenye maji. Usifunge bomba, usiguse shawa, toka tu. Kauka, vaa viatu, nenda ukazime breka ya hita, na kama hujui ni ipi, zima meni swichi. Mtu yeyote asioge, asioshe vyombo kwa bomba hilo, mpaka fundi umeme afike. Hakuna kuoga haraka haraka. Hakuna kuvaa ndala za mpira kama kinga. Nalisema hili kwa moyo wangu wote, kwa sababu kuna watu wameishi na "kashoti kadogo" hako kwa wiki nyingi wakikazoea, na ukubwa wa shoti unaweza kubadilika siku yoyote.

Ukipigwa shoti na maji, kuna makosa mawili, si moja. La kwanza ni umeme kuvuja, kwa kawaida kutoka kwenye elementi iliyopasuka. La pili ni kwamba waya wa athi, ule wa kijani na njano unaopeleka umeme uliovuja ardhini, haupo au umekatika mahali. Ungekuwapo, umeme ungepita hapo badala ya kupita mwilini mwako. Fundi akibadilisha elementi peke yake, shoti itaisha, nawe utadhani umepona, kumbe kosa kubwa zaidi limebaki linasubiri elementi inayofuata. Mtake apime athi kutoka kwenye mwili wa hita hadi kwenye kisanduku, na mtake aweke breka maalumu inayokata umeme unapovuja miliampea 30, kama haipo. Kwenye bafu, kifaa hicho si anasa.

Hita inadondosha maji. Je, imepasuka?

Huenda haijapasuka. Tazama maji yanatoka wapi.

Kama ni kwenye valvu ndogo iliyo kwenye bomba la maji baridi, yenye kimkono na kijimrija, hiyo ni valvu ya usalama, na kudondosha kidogo wakati maji yanachemka ni kazi yake. Maji yakipata moto yanatanuka. Lita 100 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka kwa kama lita moja na nusu, na ziada hiyo lazima ipate pa kwenda. Weka mrija uyapeleke kwenye sinki au nje, uendelee na maisha. Ikidondosha usiku na mchana hata hita ikiwa imezimwa, basi ama presha ya maji ya nyumba ni kubwa mno na inahitaji kipunguza presha, ama uchafu umekaa kwenye kiti cha valvu. Inua kimkono mara mbili tatu maji yatoke kwa nguvu yausafishe, ukijihadhari, maana yanaweza kuwa ya moto. Isipopona, ibadilishwe. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote kwenye hita.

Usiizibe kamwe. Nimewahi kukuta valvu iliyopigiliwa kijiti kilichochongwa vizuri kabisa, kikafungwa na mpira wa tairi juu yake. Aliyefanya hivyo alikuwa anaona kero ya sakafu kulowa. Fikiria thamostati ya tangi lile ingegandia: maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu ya presha, presha inazidi kupanda, na chuma kikiachia, sehemu ya maji hayo inageuka mvuke kwa pamoja. Lita moja ya maji hutoa mvuke wa lita zaidi ya 1,600. Ukuta wa bafu hauhimili hilo. Nilikitoa kile kijiti nikiwa nimezima kila kitu na kumwaga tangi kwanza, na sikuondoka pale mpaka valvu mpya imekaa.

Maji yakitoka kwenye nyuzi za mabomba, hiyo ni kazi ya fundi bomba, na inatengenezeka. Yakitoka chini ya kifuniko cha umeme, gasketi ya elementi, yaani mpira unaozuia maji yasitoke pale inapofungwa, imekufa. Zima breka kwanza, maana maji na waya viko chumba kimoja. Lakini maji yenye rangi ya kutu yakichuruzika kutoka kwenye ganda la nje, bila kiungo chochote karibu, tangi la ndani limetoboka. Hilo halizibwi. Wapo watakaokuambia wanaweza kulichomelea. Matangi mengi ya chuma yana utando mgumu kama kioo kwa ndani, na moto wa kuchomelea unaupasua palepale, kwa hiyo wanaziba tundu moja na kufungua mengine kumi.

Maji ya moto yanatoka ya kahawia.

Fungua maji baridi kwenye bomba lile lile. Yakiwa nayo ni ya kahawia, tatizo linatoka kwenye maji yanayoingia nyumbani au kwenye mabomba. Yakiwa safi, hita inaoza, na karibu kila mara ni kwa sababu anodi imekwisha bila mtu kujua kama ilikuwapo.

Anodi ni fimbo, kwa kawaida ya magnesi, iliyofungwa ndani ya tangi ili iliwe badala ya tangi. Kutu huifuata yenyewe kwanza na kuacha chuma. Ikiisha, zamu ya tangi inaanza. Nikiitoa kwenye hita iliyosahauliwa, nakuta waya mwembamba wa katikati tu, umepinda, na vipande vya kijivu vinavyosagika vidoleni. Iangaliwe kila mwaka mmoja au miwili, mapema zaidi kama maji yenu ni ya chumvi. Ikibaki nene kuliko kidole kidogo, irudi kazini. Katika vitu vyote vinavyorefusha maisha ya hita, hiki ndicho ambacho wateja hawajawahi kuniomba hata siku moja, na natamani wangeomba.

Maji ya moto yananuka kama yai bovu.

Kuna bakteria wasio na madhara makubwa kwa mtu, wanaoishi kwenye maji yenye salfeti, na magnesi ya anodi huwapa mazingira ya kutengeneza gesi yenye harufu hiyo. Hutokea zaidi kwa maji ya kisima na kwenye hita iliyokaa muda bila kutumika. Pandisha joto hadi nyuzi 65 au 70 kwa saa kadhaa, ukiwaonya wote nyumbani kuhusu kuungua, kisha yamwage maji kwa kufungua mabomba yote ya moto. Ikirudi, badilisha anodi ya magnesi uweke ya alumini yenye zinki. Usiitoe anodi ukaliacha tangi bila kitu. Harufu itaondoka, na tangi nalo litaifuata.

Inanguruma na kupasuka-pasuka kama bisi zinavyokaangwa.

Ukoko wa chokaa. Maji yananaswa chini yake, yanachemka, yanapasua njia. Unahitaji tangi limwagwe, elementi itolewe, isuguliwe au ilowekwe kwenye siki au maji ya asidi ya ndimu, na vipande vilivyolala chini vichotwe. Siku moja nilitoa vipande kwenye tangi la lita 80 vikajaza nusu ndoo, vyeupe na vyembamba kama maganda ya mayai. Ukoko hukua haraka zaidi maji yakizidi nyuzi 60, kwa hiyo kama mmezoea kuweka thamostati mwisho kabisa, ishusheni.

Basi niiweke nyuzi ngapi?

60 kwenye tangi. Chini ya hapo, hasa kati ya 20 na 45, bakteria wa Legionella wanastawi, na wanaingia kwenye mapafu kupitia matone madogo ya shawa yanayoelea hewani. Lakini maji ya nyuzi 60 yanaunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya mtoto upesi zaidi. Kama nyumbani kuna watoto wadogo au wazee, weka valvu ya kuchanganya kwenye bomba la kutokea hita, ibakize 60 ndani ya tangi na itoe maji yasiyozidi 45 au 50 bombani. Mtoto hawezi kukimbia maji kwa kasi unayodhani.

Ni nafuu kuiacha ikiwaka siku nzima?

Hapana, kwa watu wengi. Tangi linapoteza joto kila saa, na linapoteza zaidi likiwa la moto zaidi. Washa kabla ya muda wa kuoga, kwa hesabu ya muda niliyotoa hapo juu, au weka kipima muda kinachohimili ampea za hita.

Shawa ya umeme, ile inayochemsha maji papo hapo, inakata moto katikati ya kuoga.

Kwanza presha. Shawa hizi zina kiwambo kinachowasha umeme maji yakipita kwa nguvu ya kutosha. Maji yakipungua, inazima ili isijiunguze. Fungua kichwa uoshe vitundu, safisha chujio kwenye maingilio ya maji, ukiwa umezima breka. Kama tangi la maji la nyumba liko juu kidogo tu ya shawa, huenda presha haikutosha tangu mwanzo, na unahitaji pampu ndogo au aina ya shawa inayokubali presha ndogo.

La pili ni waya, na hapa niko mkali. Shawa ya wati 5500 inakula karibu ampea 24. Hiyo si kazi ya plagi wala ya waya wa taa. Inataka waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku, mnene wa kutosha, na breka yake. Ukinusa plastiki inaungua, au swichi ya shawa ikiwa ya moto ukiigusa, au taa za nyumba zikififia unapowasha, acha kuitumia leo. Mara nyingi nikifungua swichi hizo nakuta kiungo kimoja kimekuwa cheusi na waya umekauka kama kijiti. Sababu ni skrubu iliyokazwa nusu nusu siku ya kufunga.

Ya gesi inazima, au haiwaki.

Kwa zile za papo hapo, anza na betri. Zinachoka, cheche inadhoofika, na watu wanaita fundi kwa sababu ya betri mbili. Kisha presha ya maji, kisha gesi yenyewe. Kwa zenye tangi na mwali mdogo wa kudumu, mwali usiposhika ukiachia kitufe, kihisi joto kilicho mbele yake kimechafuka au kimekufa. Ni kifaa kidogo, kinabadilishika.

Zaidi ya hayo nina hofu moja. Mwali wa gesi uwe wa buluu. Ukiwa wa njano, unaorukaruka, na kuna masizi kwenye kifuniko, gesi haiungui vizuri na inatoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu na kichefuchefu, ukitoka nje unapata nafuu: hiyo ndiyo dalili. Zima, fungua madirisha, toka na kila mtu. Hita ya gesi isiyo na bomba la kutoa moshi nje haifai kufungwa ndani ya bafu hata kama bafu lina dirisha dogo, kwa sababu dirisha hufungwa wakati wa baridi, saa ile ile watu wanapooga kwa muda mrefu.

Hita ya jua haitoi maji moto kama zamani.

Kama ni ya mirija ya kioo, chungulia ncha ya chini ya kila mrija. Mzima una rangi ya fedha inayong'aa pale chini. Uliopoteza ombwe lake, yaani hewa imeingia kati ya kuta zake za kioo, ncha hiyo imekuwa nyeupe kama maziwa, na huo haupashi joto tena, unabadilishwa peke yake. Futa vumbi pia. Na maji yakikatika mchana, usirudishe maji baridi kwenye mirija iliyokauka juani. Ngoja jioni au ifunike kwanza, la sivyo kioo kitapasuka.

Nitengeneze au ninunue mpya?

Thamostati, elementi, gasketi, valvu, anodi: tengeneza. Tangi la ndani kutoboka: nunua. Katikati ya hayo, umri ndio unaoamua. Hita iliyopita miaka 10, yenye kutu kwenye mdomo wa elementi, siishauri iongezewe vifaa viwili kwa mpigo. Lakini ya miaka mitatu inayosemekana "imekwisha" bila mtu kukuonyesha tundu, hapo unauziwa mbuzi kwenye gunia.

Fundi anakuja kesho. Nimwambie nini, na nitazame nini akifanya kazi?

Piga picha ya kibandiko chenye wati, volti na lita, umtumie leo, aje na kifaa sahihi. Mweleze kwa mpangilio: tatizo lilianza lini, hutokea saa ngapi, na nini kilibadilishwa karibuni.

Akifika, umeme uzimwe kwenye breka na athibitishe kwa tesita kwamba waya zimekufa kabla ya kugusa. Maji yamwagwe kabla elementi haijatolewa, huku bomba la moto likiwa wazi ili hewa iingie. Gasketi iwe mpya kila elementi inapotoka; ile ya zamani imeshalalia na itavuja. Bolti zikazwe kwa kupishana, kidogo kidogo.

Akimaliza, tangi lijazwe kabla ya umeme kurudishwa. Wengi hukosea hapa. Elementi ikiwashwa nje ya maji inaungua ndani ya muda mfupi, na umelipia kitu kipya kilichokufa mbele yako. Fungua bomba la moto la mbali zaidi, usikilize hewa ikitema na kukohoa, ungoje mpaka maji yaje mfululizo bila kukatika. Pitisha karatasi kavu kuzunguka gasketi kuangalia unyevu. Kisha washa, na kabla hajaondoka mwombe akuachie vile vifaa vilivyotolewa.